Napiga nai, sasa nimepewa klarineti. Kuna maisha kwenye kupuliza?

Nai_ya_Wete ameuliza:

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Mie kijana wa Wete, nipo Unguja tangu nilipomaliza fomu foo. Napiga nai, ile filimbi ya tete, kwenye kikundi kimoja cha taarab hapa mjini. Tunapata harusi, na mara moja moja hoteli za Nungwi. Mwaka jana alikuja mgeni kujifunza makamu za kiarabu, yaani skeli zao za muziki, na wakati wa kuondoka akaniachia klarineti yake ya plastiki, Yamaha, na kitabu cha mazoezi. Tangu siku hiyo sina raha mpaka niipulize. Nyumba tunayopanga Jang'ombe majirani washanipigia kelele, kwa hiyo nateremka pwani baada ya Alfajiri nikapige huko.

Suali langu kubwa: kuna Mzanzibari aliyefanya kazi ya klarineti ya kizungu, ile ya kusoma noti na kupiga na okestra, akaishi kwa hiyo? Sisemi kujifurahisha. Nasema kulipa kodi, kuoa, kumpelekea mama chochote.

La pili la kiufundi. Kwenye nai nikikaza pumzi sauti inapanda, noti ile ile lakini ya juu. Huku kwenye klarineti nikibonyeza ule ufunguo wa kidole gumba inatoka noti nyengine kabisa. Nilidhani imeharibika. Kitabu nilichoachiwa kimeandikwa Kijerumani, natazama picha tu.

Na la mwisho, baba yangu yuko Pemba, anasema mizumari haina kheri, nirudi nisaidie karafuu au nikasomee ualimu. Sitaki kugombana naye. Wenye uzoefu nisaidieni.

---

Mchuuzi_Darajani:

Yakhe, klarineti hailiwi. Kasome uhasibu, jioni upulize unavyotaka. Harusi zenyewe siku hizi kinanda kimoja na spika mbili, bwana harusi karidhika. Nani atakulipa wewe na noti zako?

---

MzeeWaBeni:

Usimvunje moyo mtoto, Mchuuzi. Wewe harusi yako ulipita na beni mtaa mzima, nilikuwepo.

Kijana, mie nimepuliza tarumbeta kwenye beni ya askari mpaka nikastaafu. Klarineti tulikuwa nazo, zikikaa safu ya mbele. Nikwambie kitu ambacho vijana wa taarab hamkipendi: kule tulisoma noti kila asubuhi, unataka hutaki. Unavaa sare, unakaa kwenye kiti, karatasi mbele yako, na yule bwana mkubwa akishusha mkono kila mtu anaingia pamoja. Mshahara ni wa askari, haukutajirishi, lakini unakuja mwisho wa mwezi mvua ikinyesha au jua likiwaka. Watoto niliowaona wakitoka na muziki wa kueleweka, wengi walipitia beni. Enzi za Sultani nako ilikuwa hivyo hivyo, beni yake ilijaa Wagoa, na wapigaji wale walikuwa na ajira. Sio jambo geni hapa kwetu mtu kulipwa kwa kupuliza.

Kwa hiyo kabla hujafikiria Ulaya, ulizia nafasi za beni za vikosi zinapotangazwa. Ukienda unajua kusoma noti, utakuwa mbele ya wenzio.

---

Bi_wa_Kikwajuni:

Waalaykum salaam mwanangu. Niliingia humu kutafuta fundi wa friji, nikakuta suali lako, basi friji itasubiri.

Mzanzibari uliyemuulizia yupo, ni mie. Nimezaliwa Mkunazini, ami yangu akanichukua Uingereza nikiwa mdogo, tukakaa Portsmouth ambako Wazanzibari tulikuwa wengi kiasi cha kusikia harufu ya mandazi kila Ijumaa. Miaka ile halmashauri za kule zilikuwa zikiazima watoto wa skuli ala za muziki bure. Mwalimu anakuja na gari, buti limejaa masanduku meusi. Nilitaka fidla, kwa sababu babu yangu alikuwa akipiga fidla klabu. Fidla zikawa zimekwisha, nikapewa klarineti. Ndivyo nilivyoingia. Wengine watakwambia ala iliwaita usingizini. Mie niliitwa na orodha ya mwalimu.

Nikasoma muziki chuo kimoja cha Manchester. Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo vijana wanapopata picha ya uongo. Mtu anadhani ukimaliza chuo unaingia okestra kama daktari anavyoingia hospitali. Tazama hesabu yenyewe. Okestra kubwa ya simfoni ina wapiga fidla kiasi cha thelathini. Klarineti ni wawili, watatu, wakizidi sana wanne. Na aliyekwisha kukaa kwenye kiti hicho hainuki mpaka astaafu. Kiti kimoja kikifunguka, wanaomba watu wa nchi nzima na wa nje. Ukiitwa, unapiga Konsato ya Mozart, hiyo haikosekani, ile aliyomwandikia rafiki yake Anton Stadler mwaka 1791, miezi michache kabla hajafa. Halafu wanakupa vipande vigumu vya okestra, kwa mfano vya Simfoni ya 6 ya Beethoven, vile ambavyo klarineti imeachwa peke yake na hakuna pa kujificha. Ukiwapendeza, hawakupi kazi bado. Wanakuita majaribio. Unakaa nao wiki hii, mwezi ujao wanamkalisha mwengine, na hali hiyo inaweza kuendelea mwaka na zaidi. Mie nilifika kwenye majaribio. Kiti alipewa mwenzangu, na alistahiki.

Nilichokipata ni kazi ya kuitwa. Mpigaji kaumwa, simu inalia asubuhi, jioni uko mji mwengine unasoma noti ambazo hujapata kuziona. Begani klarineti mbili, kwa sababu mpigaji wa okestra lazima awe na ya B-flati na ya A. Ni kazi tamu sana na haina adabu. Mwezi huu unaitwa mpaka unachoka, mwezi ujao simu imekufa. Huwezi kukopa nyumba kwa simu.

Kilichonilisha miaka yote ni kufundisha. Na sisemi kwa huzuni! Huko vyuoni kuna watu wanaozungumza juu ya ualimu kana kwamba ni pahala pa kwenda waliofeli. Mie nakwambia wapigaji wengi mno wa klarineti duniani wanafundisha, hata wale wa viti vya mbele. Stadi ya klarineti imesimama kwa walimu. Huu mpangilio wa funguo ulioko kwenye Yamaha yako ulitengenezwa Paris na mwalimu, Hyacinthe Klosé, pamoja na fundi Louis-Auguste Buffet, ukaonyeshwa mwaka 1839. Klosé alikuwa anafundisha kwenye konsavatori, yaani chuo cha muziki, akaona vidole vya wanafunzi vinahangaika, akamtafuta fundi. Mwaka 1843 akatoa na kitabu cha mazoezi ambacho mpaka leo tunacho.

Kazi yangu ilikuwa kuzunguka skuli, watoto wanne wanne, nusu saa kila kundi, chumba cha vifagio kikitokea ndicho darasa. Hapo ndipo nilipojifunza kupiga. Mtoto wa miaka tisa hana adabu ya kukufichia. Ukimwambia "tumia tumbo" anakutazama, tumbo lipi? Inabidi umlaze sakafuni na kitabu juu ya tumbo aone kinavyopanda na kushuka. Ukimaliza kumweleza yeye, nyumbani unapiga noti ndefu na wewe mwenyewe umefahamu kitu. Nimejua kwa kufundisha kwamba mtoto asianze klarineti kamili kabla ya meno ya mbele ya utu uzima hayajatoka na kukaa, kwa sababu meno ya juu ndiyo yanayoshika juu ya kipulizio. Nimejua kwamba klarineti ina uzito wa kiasi cha gramu 800 na karibu wote unalaliwa na gumba la kulia, kwa hiyo mtoto akilalamika mkono usimwambie mvivu, mtafutie mkanda wa shingoni.

Nilirudi Unguja kumuuguza mama, nikabaki. Sasa utataka kujua naishi vipi hapa, maana ndilo suali lako lenyewe. Nina wanafunzi wa nyumbani, watoto wa mtaani na wa wageni wanaofanya kazi hapa. Wa mtaani wanalipa wanachoweza, wa wageni wanalipa bei. Nina wanafunzi wa Uingereza kwa video, hao ndio wanaolipa umeme. Hoteli hunipigia msimu wa wageni, watu watatu, klarineti na kanuni, ile ala ya nyuzi, na besi. Na nawatayarisha watu kwa mitihani. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachotosha peke yake, na pakija mwezi mmoja kimekauka vyengine vinashika. Sijawahi kuwa tajiri na sijawahi kulala na njaa, alhamdulillah.

Sasa ufundi. Klarineti yako haijaharibika. Nai yako ni mrija ulio wazi pande zote mbili, ndiyo maana ukikaza pumzi inaruka oktava, noti ile ile juu. Klarineti ni mrija ulionyooka, upana mmoja karibu mwili mzima, na upande mmoja umezibwa na ridi, ule ulimi wa tete kwenye kipulizio, na mdomo wako. Mrija wa namna hiyo hauruki oktava moja. Unaruka oktava na tano zaidi. Kwa hiyo shika C ya chini, bonyeza ufunguo wa gumba, itatoka G ya juu. Ndiyo maumbile yake. Obo na saksafoni mirija yake inapanuka kuelekea chini, hizo zinaruka oktava kama ulivyozoea, na zumari ya kirumbizi huko kwenu Pemba ni jamaa wa obo. Maana yake kwako: vidole vya chini na vya juu ni mambo mawili ya kujifunza. Pale katikati, unapotoka A kwenda B, vidole vyote vinashuka kwa pamoja na wanaoanza wote hupiga yowe hapo. Usikimbilie. Piga E ya chini, ndefu, na bila ya kugusa kitu chengine ongeza gumba, itoke B. Rudi. Tena. Sauti ya juu ikitoka bila ya wewe kubana mdomo, umevuka.

Una bahati moja ambayo wenzako wa Manchester hawana, tayari unajua pumzi. Nai inamtesa mtu miezi kabla haijalia. Halafu mmea mwenyewe ni ule ule. Nai yako yenye pingili tisa imekatwa kwenye tete ambalo wataalamu wanaliita Arundo donax, na ridi inayotikisika kwenye klarineti inachongwa kwenye Arundo donax pia. Mashamba yake mashuhuri yako Var, kusini ya Ufaransa. Na klarineti za mbao, siyo hiyo yako ya plastiki, zinachongwa kwa mpingo, na mpingo unatoka hapo ng'ambo, Kilwa na Lindi, na Msumbiji. Vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha misitu, cha FSC, mwaka 2009 kwa kutunza misitu yao. Manchester nilikuwa nikiwaambia wenzangu kwamba wanapuliza mti wa kwetu, hawaamini mpaka niwafungulie ramani.

Lakini usiikimbilie ya mbao. Hapa kwetu ni mtihani. Pumzi ya moto na majimaji ndani, kisha hoteli wanawasha kiyoyozi mpaka mgongo unakufa ganzi, mbao inapasuka. Nilipasuliwa moja ukumbini, mlio wake nimeusikia kwa masikio yangu katikati ya wimbo. Plastiki haina habari. Ugomvi wako wewe utakuwa na chumvi: funguo zinarudishwa na springi nyembamba za chuma, hewa ya bahari inazila. Ukimaliza kupiga huko pwani futa ndani kwa kitambaa, futa funguo nje, tone la mafuta ya cherehani kwenye viungo, na usiiache kwenye sanduku ikiwa mbichi. Ufunguo ukikatika, peleka kwa sonara. Masonara wa mjini wanajua kuunga kwa fedha kuliko mafundi wengi wa ala niliowaona. Mwambie tu atoe padi kwanza, vile vizibo laini vya chini ya funguo, moto usiziunguze.

Kuhusu baba. Mie si shekhe, siwezi kukupa fatwa, na ukienda kubishana naye kwa dalili za mtandaoni utashindwa na utamuudhi. Wazee wetu wengine wanakubali dufu na hawakubali kinachopulizwa, ndiyo itikadi yao, waheshimu. Usimpelekee hoja, mpelekee mpango. Kasema ualimu? Basi tayari mko karibu kuliko mnavyodhani. Mwambie unasomea ualimu, na somo lako ni muziki. Na msimu wa karafuu nenda kachume.

---

Mchuuzi_Darajani:

Bi mkubwa umeandika mpaka nimefunga duka. Nafuta kauli ya uhasibu. Ya kinanda kwenye harusi siifuti.

---

Mwanafunzi_Usa_River:

Habarini, mimi ni wa bara, nasoma muziki Chuo Kikuu cha Makumira hapa Usa River, Arusha. Nyongeza ndogo kuhusu kusoma. Ukitaka shahada hapa nchini kuna sisi Makumira na kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ni kwa ngazi ya cheti na diploma, na wamelalia zaidi sanaa za jukwaani na muziki wa asili. Nairobi kuna konsavatori na kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta, na okestra za vijana zenye klarineti nyingi kuliko huku kwetu. Tatizo ni kwamba mwalimu wa klarineti peke yake, aliyebobea, ni nadra kumpata. Huku wengi tunasoma piano, sauti na ngoma. Kaka wa Wete, kama huyo mama anakubali kukufundisha, kaa hapo hapo kwanza.

Na msisahau kuwa mko na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi hapo Mji Mkongwe tangu 2002. Sisi huku tunawaonea wivu kwa kanuni na udi.

---

Nai_ya_Wete:

Bi, Allah akulipe. Nimeisoma mara nyingi. Jana nimejaribu ile E na B, imetoka! Mvuvi mmoja akanipigia makofi.

Naomba kuongeza. Kuna siku nilitoa klarineti kwenye mazoezi ya kikundi, nikapiga wimbo ninaoujua kwa nai. Wote wakakunja uso. Kwanza nilikuwa nje ya sauti kabisa, halafu tulipofika makamu ya Rast ile noti ya tatu ikawa haipo. Mzee wa udi akasema "hiyo ala ya kizungu, peleka hotelini". Ni kweli haiwezi? Na hiyo mitihani uliyoitaja ni ipi, inafanywa wapi? Na ridi, nilizoachiwa zimebaki mbili na moja imefanya ukungu.

---

Bi_wa_Kikwajuni:

Mwambie mzee wa udi namsalimia, na kwamba Waturuki wanapiga makamu kwa klarineti tangu enzi za mababu, wana yao ya G, ndefu, nzito, inalia vizuri. Inawezekana. Ila kuna mambo mawili yalikukamata siku ile kwa pamoja.

La mwanzo, yako ni ya B-flati. Ukishika vidole vya C, masikioni inatoka B-flati, noti nzima chini. Wenzako wakisema D, wewe unatakiwa ushike E. Wakisema C, wewe D. Hili halina njia ya mkato, ni kulizoea mpaka ukisikia D kidole kiende chenyewe. Kwa watoto mie natumia zile ndogo za plastiki za Nuvo, Clarinéo, ambazo ni za C na zinaoshwa kwa maji ya bomba. Mtoto anakaa karibu na udi siku ya kwanza na hakuna anayekunja uso. Wewe ushakuwa mkubwa, pambana na B-flati.

La pili, Rast. Rast ya C ina E iliyoteremshwa robo, na B vile vile. Kwako hizo zinakuwa kati ya F na F-shapu, na kati ya C na C-shapu. Hakuna ufunguo wa hapo, lakini kwenye nai nako hakuna, unaitafuta kwa kuinamisha kichwa na kufunika nusu tundu. Huku unaitafuta kwa mdomo. Shika F-shapu, legeza taya la chini kidogo huku pumzi haipungui, itateremka. Ikigoma, funika nusu ya tundu linalofuata. Masikio unayo tayari, na hiyo ndiyo sehemu ngumu. Nimewafundisha Waingereza wenye shahada, wanashusha taya vizuri kabisa na hawajui wasimame wapi. Wewe unajua Rast inapokaa tangu utotoni. Usije ukaiacha nai kwa sababu ya klarineti. Hotelini na harusini watakuita kwa sababu una zote mbili, na mwanafunzi wa nje atakulipa umfundishe hiyo robo.

Na wanafunzi wako wasiwe wavulana tu. Kina mama wa Tausi wameanzisha kikundi chao cha taarab mwaka 2009, wanapiga ala wenyewe. Wasichana wangu wanapoulizwa nyumbani "nani mwanamke anapiga hivyo?" wana la kujibu. Mzazi wa msichana akikuletea mtoto, mlango wa chumba uwe wazi na mama akae barazani. Wazazi watakuamini na darasa litajaa.

Mitihani. Ni ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya London, gredi 1 mpaka 8. Zamani ilikuwa lazima umsubiri mtahini aje. Tangu 2020 kuna aina ya kurekodi video: unapiga vipande vinne mfululizo bila ya kukata, unawapelekea. Alama zote ni 150, kupasi ni 100, ukifika 130 umepata daraja la juu kabisa. Kwa mikono yako usianze na 1, tukusikilize kwanza, pengine 3. Lakini jua hili mapema, ili ufanye gredi 6 na kwenda mbele wanataka uwe umepasi nadharia ya gredi 5, au mtihani mwengine wanaoukubali badala yake. Hapo ndipo wapigaji wa masikio wanapokwama na kuacha. Anza nadharia sasa hivi, na Ramadhani ndiyo wakati wake. Mwezi ule mie sipulizi mchana wala sifundishi kupuliza, mdomo mkavu unaharibu ridi na mtu. Tunakaa baada ya Tarawehe na daftari, tunaandika skeli, wiki ya mwisho tunapumzika.

Ukifika gredi 8 na ukawa na wanafunzi wawili watatu ambao wewe mwenyewe umewatoa kwenye sifuri, ndipo uzungumze na vyuo vya nje kuhusu ufadhili. Mtu mwenye Rast na Mozart katika rekodi moja hawampati kila siku.

Ridi. Yenye ukungu tupa, usiifute ukaitia mdomoni. Hapa madukani hutapata, kwa hiyo muombe mtu yeyote anayekuja kutoka nje, boksi la ridi 10 ni jepesi na halina ushuru wa kumtisha mtu. Mwambie namba 2 au 2 na nusu, ya B-flati, asikuletee ya saksafoni. Watu wanakwenda moja kwa moja kununua 3 kwa sababu wamesikia mabingwa wanapigia ngumu. Itakubana mdomo na utaanza kuuma. Ukishazipata tumia nne kwa zamu, kila siku moja, baada ya kupiga zianike juu ya kipande cha kioo sehemu yenye upepo, siyo ndani ya sanduku. Katika 10 utapata nzuri nne au tano, zilizobaki ni kukwangua.

Mie nafundisha Jumamosi baada ya Laasiri. Nitumie ujumbe wa faragha nikuelekeze nyumba. Njoo na nai pia, kuna mtoto wa Kijerumani hapa anataka kuisikia, na akikusaidia kusoma kile kitabu mtakuwa hamdaiani.

---

MzeeWaBeni:

Bi, mjukuu wangu wa kike ana miaka tisa na meno ya mbele yametoka. Hizo za Nuvo una ya kuazimisha?

---

Bi_wa_Kikwajuni:

Ninayo moja, iliyo huru mpaka mwisho wa muhula. Aje na mama yake. Na kama kuna mtu humu anamjua fundi wa friji Kikwajuni, bado namtafuta.